Shibe ya Asidi za Mafuta: Fomula ya Molekuli kama Mtihani wa Istilahi

Imekuwa desturi kwa mijadala ya istilahi za Kiswahili kuishia kwenye orodha. Huulizwa kama neno lipo au halipo. Likiwapo, huingizwa katika safu ya pili, mkabala wa neno la Kiingereza, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Kwa njia hiyo Kiswahili kimejipatia istilahi nyingi, na kitabu kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ni ushahidi wa juhudi ambazo hazistahili kubezwa. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo orodha haiwezi kulionyesha, nalo ni kama mtu anaweza kufikiri kwa neno aliloletewa. Neno linaweza kuwa fupi, likawa na asili njema, likasanifiwa na kukubaliwa, na bado likamwacha msomaji mlangoni pa dhana bila kumwingiza ndani. Mtihani wa kweli wa istilahi ni kupewa kazi: hoja ya kujengwa, au hesabu ya kufanywa, kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hesabu inayofaa kwa mtihani huo si lazima iwe kubwa. Mojawapo ni ile ambayo mwanafunzi wa kemia hupewa anapoanza kujifunza habari za mafuta. Huonyeshwa fomula ya molekuli ya asidi ya mafuta, kwa mfano C₁₈H₃₄O₂, akatakiwa aseme kama asidi hiyo imebeba haidrojeni yote inayoweza kubeba au imepungukiwa; na kama imepungukiwa, ni kwa kiasi gani. Hali hiyo ya kubeba haidrojeni yote ndiyo dhana inayotafutiwa jina. Mfasiri anayeitafutia jina huwa na vitenzi vitatu karibu yake: kujaa, kukolea na kushiba. Vyote vitatu ni Kiswahili fasaha, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kueleweshwa kwa mtoto wa darasa la kwanza. Swali ni kipi kati ya hivyo kinaweza kuibeba hesabu bila kuiangusha njiani.

Swali hili si la wanaisimu peke yao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri kwamba nishati itokanayo na asidi za aina hii isizidi asilimia 10 ya nishati yote ambayo mtu huipata katika chakula. Ushauri wa namna hiyo unaweza kumfikia mgonjwa wa moyo kwa sentensi moja tu: "Punguza mafuta yaliyojaa." Mgonjwa huyo ana kila sababu ya kuelewa kwamba ameambiwa apunguze wingi wa mafuta chunguni. Atakwenda nyumbani, atapunguza kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, na ataendelea kutia samli kama ilivyo desturi yake, kwa kuwa samli yenyewe huitia kidogo tu. Ushauri ameusikia na ameutii, lakini hakuupata. Kosa si lake, wala si la muuguzi aliyemwambia. Kosa limo katika kitenzi.

Kabla ya kuvipima vitenzi hivyo, inafaa hesabu yenyewe ifanywe. Walimu wengi huanza kwa sitiari ya mikono, nayo inatosha. Kaboni ina mikono minne, oksijeni ina miwili, na haidrojeni ina mmoja. Asidi ya mafuta ya kawaida ni mnyororo wa kaboni zilizoshikana. Katika mwisho mmoja wa mnyororo kuna kaboni iliyomshika jirani yake kwa mkono mmoja, na mikono yake mitatu iliyobaki imeshika haidrojeni tatu. Katika mwisho wa pili, ambao ndio unaoipa molekuli tabia ya asidi, kaboni imemshika jirani kwa mkono mmoja, oksijeni ya kwanza kwa mikono miwili, na oksijeni ya pili kwa mkono mmoja; oksijeni hii ya pili ndiyo iliyoshika haidrojeni moja. Kaboni zote za katikati hutumia mikono miwili kuwashika majirani wa pande mbili, na mikono miwili kushika haidrojeni.

Basi mnyororo ukiwa na kaboni n, zile za katikati ni n − 2, na haidrojeni zake ni 2(n − 2), yaani 2n − 4. Zikiongezwa tatu za mwisho mmoja na moja ya mwisho wa pili, jumla huwa 2n. Kanuni yote imo hapo: asidi ya mafuta ambayo haikupungukiwa ina haidrojeni mara mbili ya kaboni zake. Asidi lauriki, ambayo ni karibu nusu ya asidi zote zilizomo katika mafuta ya nazi, ni C₁₂H₂₄O₂. Asidi palmitiki, iliyo nyingi katika mawese, ni C₁₆H₃₂O₂. Asidi steariki, ambayo hupatikana katika shahamu ya ng'ombe, ni C₁₈H₃₆O₂. Katika kila moja ya hizo, 2n imetimia.

Ichukuliwe sasa ile C₁₈H₃₄O₂, ambayo ni asidi oleiki, iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni. Kaboni 18 zilistahili haidrojeni 36, zilizopo ni 34, zimepungua 2. Lakini mkono wa kaboni haubaki wazi. Kaboni mbili jirani, ambazo kila moja imekosa haidrojeni moja, hushikana kwa mkono wa pili, na hapo huzaliwa kiungo maradufu. Katika asidi linoleiki, ambayo kwa kawaida ndiyo kuu katika mafuta ya alizeti, fomula ni C₁₈H₃₂O₂: upungufu ni 4, viungo maradufu ni 2. Katika asidi linoleniki, iliyo nyingi katika mafuta ya mbegu za kitani, fomula ni C₁₈H₃₀O₂: upungufu ni 6, viungo ni 3. Mafuta ya samaki wa baharini yana asidi ambayo fomula yake ni C₂₂H₃₂O₂: kaboni 22 zilistahili haidrojeni 44, upungufu ni 12, viungo ni 6. Wanakemia hufupisha habari hizi kwa kuandika idadi ya kaboni, nukta mbili, kisha idadi ya viungo maradufu: 18:0, 18:1, 18:2, 18:3 na 22:6.

Hiyo ndiyo kazi inayopaswa kubebwa na istilahi. Ina mambo matatu: kikomo, upungufu unaohesabika dhidi ya kikomo hicho, na mwenye kupungukiwa. Neno linalofaa ni lile ambalo, kwa maana yake ya kila siku, tayari lina nafasi ya yote matatu.

Kitenzi kujaa kinakwama kwenye jambo la tatu. Kiima chake chaweza kuwa chombo, na chaweza vilevile kuwa kilichomo. Husemwa "mtungi umejaa maji", na husemwa pia "maji yamejaa mtungini". Sokoni husikika kwamba maembe yamejaa, maana yake ni mengi, wala hakuna anayedhani kwamba embe limejazwa kitu ndani yake. Kwa hiyo mtu anapoambiwa habari za "mafuta yaliyojaa", sarufi inampa njia mbili: ama mafuta ni chombo kilichojazwa kitu kisichotajwa, ama mafuta ndiyo yaliyojaa mahali fulani. Njia ya pili ni nyepesi zaidi, kwa sababu katika maisha ya jikoni mafuta huwa kilichomo, na chombo ni chupa au kikaango. Mgonjwa aliyetajwa hapo juu hakukosa Kiswahili. Alikifuata Kiswahili kilikompeleka.

Kukolea kuna kasoro ya namna nyingine. Chai hukolea sukari, mchuzi hukolea chumvi, na kitambaa hukolea rangi. Kiima hapa hakina utata, lakini kikomo hakipo. Kilichokolea chaweza kukolezwa zaidi, na ulimi wa huyu waweza kukataa kile ambacho ulimi wa yule umeridhika nacho. Kukolea ni jambo la kiasi na la kuonjwa, na hesabu ya 2n si jambo la kuonjwa. Pengine kitenzi hiki kinafaa kwingineko. Maji yaliyotiwa chumvi hadi chumvi haiyeyuki tena huitwa, katika lugha nyingi za Ulaya, kwa neno lilelile linalotumiwa kwa asidi za mafuta. Ilhali kikomo cha maji ya chumvi hubadilika kwa joto, na kikomo cha asidi hakibadiliki. Kiswahili hakina wajibu wa kurithi muunganiko huo. Kikitaka, chaweza kuwa na maneno mawili pale ambapo wengine wana moja.

Kinabaki kushiba. Kiima cha kitenzi hiki ni mlaji tu. Husemwa "mtoto ameshiba wali". Haisemwi kwamba wali umeshiba mtoto. Kinacholiwa hutajwa baada ya kitenzi, na kwa hiyo "asidi iliyoshiba haidrojeni" ni kirai kisicho na mlango wa pili. Kikomo nacho kipo, na kinatoka kwa mlaji mwenyewe: tumbo la mtoto na tumbo la mkulima havishibi sahani moja, lakini kila moja lina shibe yake. Hivyo ndivyo 2n ilivyo. Kaboni 12 hushiba kwa haidrojeni 24, kaboni 18 kwa 36, na hakuna asidi kati ya hizo iliyoshiba kuliko nyingine. Msemaji wa Kiswahili analijua hilo kabla hajafundishwa kemia.

Historia ya neno nayo inaunga mkono. Istilahi ya Kiingereza na ya Kifaransa inatokana na Kilatini, katika neno lililokuwa na maana ya mtu aliyekula akatosheka. Wajerumani wametumia neno lililotokana na kivumishi chao cha kawaida cha shibe ya chakula. Kiarabu hutumia umbo la mzizi wa sh-b-ʿ kwa mafuta haya, na mzizi huo ndio uliokipa Kiswahili kitenzi kushiba. Mswahili anayesoma kibandiko cha chupa ya mafuta kilichoandikwa kwa Kiarabu huko Muscat analiona neno la nyumbani kwake limevaa nguo nyingine. Kwa hiyo anayesema kwamba kushiba ni neno la jikoni lisilofaa maabara hana budi kueleza ni kwa nini jikoni pa Warumi pafae na pa Waswahili pasifae.

Maabara yenyewe haikulikataa. Mwaka 1884 mwanakemia Hübl alieleza njia ya kupima mafuta kwa kuyatia iodini na kuangalia yanapokea kiasi gani. Atomi mbili za iodini huingia mahali pa kila kiungo maradufu. Kwa lugha ya kushiba, mafuta hulishwa iodini mpaka yatosheke, na kiasi yalichokula ndicho kipimo cha njaa yaliyokuwa nayo. Gramu 100 za asidi oleiki hupokea gramu 90 hivi za iodini. Gramu 100 za asidi linoleiki hupokea 181 hivi. Asidi steariki haipokei kitu. Namba hizo zinaweza kukadiriwa kwa kalamu kutokana na fomula, kwa kuwa uzito wa molekuli ya asidi oleiki ni 282.5, na uzito wa atomi mbili za iodini ni 253.8. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: asidi steariki haisumbuliwi na iodini, wala haichachi upesi kwa hewa, wakati asidi linoleniki hushambuliwa na oksijeni kiasi kwamba mafuta ya kitani yakipakwa ubaoni hukauka yakawa utando.

Sarufi ya kitenzi hiki ina faida nyingine ambayo huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Kiswahili hutofautisha "haikushiba" na "haijashiba". Ya kwanza inafunga habari. Ya pili inaacha mlango wazi, kwamba shibe yaweza kuja. Asidi oleiki haijashiba kwa maana hiyo hasa. Mfaransa Paul Sabatier alionyesha jinsi nikeli inavyowezesha haidrojeni kuingia katika viungo maradufu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Naye Mjerumani Wilhelm Normann alikwisha kusajili mwaka 1902 njia ya kuyageuza mafuta ya maji kuwa mafuta ya kuganda kwa kutumia haidrojeni. Kazi hiyo ina jina lake tayari katika kauli ya kutendesha: kushibisha. Umbo fupi la "isiyoshiba" halina nafasi ya kiambishi cha -ja-, na kwa hiyo linapoteza habari hii. Mwandishi makini atalitumia panapotakiwa ufupi, na kurudi kwenye "ambayo haijashiba" panapotakiwa ukweli wote.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yasemwa kwamba "mafuta yasiyoshiba" yatamfanya msomaji afikiri juu ya chakula kisichomtosha mlaji. Jibu liko katika mofolojia. Chakula kinachomtosha mlaji hakisemwi kuwa kinashiba, husemwa kinashibisha. Mkanganyiko huo unaweza kumpata mtu anayesoma harakaharaka, na tiba yake ni kuitaja haidrojeni walau mara ya kwanza: mafuta yasiyoshiba haidrojeni. Utata unaotibika kwa neno moja si sawa na utata uliomo katika kitenzi chenyewe.

Hata hivyo, ushindi wa kushiba usichukuliwe kuwa umemaliza kazi. Fomula ya molekuli ni hesabu ya atomi tu, haisemi zimepangwaje. Mwanaisimu anaweza kuielewa hali hii kwa mfano wa karibu naye. Mtu akiambiwa kwamba neno fulani la Kiswahili lina herufi a moja, i moja, l moja na m moja, atajua mara moja kwamba lina irabu mbili na konsonanti mbili, na kwa kawaida ya lugha atakisia silabi mbili wazi. Lakini hatajua kama neno hilo ni lima, mali, mila au lami. Na akiwa na haraka, atasahau kwamba yawezekana likawa imla, neno lililotoka Kiarabu, ambalo m yake haifuatwi na irabu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mpangilio ndio uliomponyoka.

Asidi za mafuta zina lima na mali zake. Asidi oleiki na asidi elaidiki zote ni C₁₈H₃₄O₂, zote zina kiungo maradufu kimoja, tena mahali pamoja katika mnyororo. Tofauti ni kwamba katika ya kwanza mnyororo umepinda penye kiungo hicho, na katika ya pili umenyooka. Asidi oleiki huyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi 13 hivi, na elaidiki kwenye 45 hivi. Asidi elaidiki ni miongoni mwa mafuta ya transi, ambayo huzaliwa kwa wingi pale mafuta yanaposhibishwa nusunusu kiwandani, na ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliziomba nchi zote ziyaondoe katika vyakula kufikia mwaka 2023 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Kwa fomula, asidi elaidiki haijashiba, na neno hilo ni la kweli. Basi mfasiri anayeandika kwamba mafuta yaliyoshiba ni mabaya na yasiyoshiba ni mazuri amelipa neno kazi ambayo fomula yenyewe haikuifanya.

Imla nayo ipo. Mbegu za ubuyu, za pamba na za msufi zina kiasi kidogo cha asidi malvaliki, ambayo fomula yake ni C₁₈H₃₂O₂. Fomula hiyo ndiyo ya asidi linoleiki, herufi kwa herufi na namba kwa namba. Upungufu ni 4, na mwanafunzi atasema bila kusita kwamba kuna viungo maradufu viwili. Atakuwa amekosea. Asidi malvaliki ina kiungo maradufu kimoja, na upungufu wa pili unatokana na kaboni tatu zilizoshikana zikafanya pete. Kufunga pete kunahitaji mikono miwili, na mikono hiyo miwili ingeshika haidrojeni mbili.

Hapa istilahi inaombwa jambo jipya. Hesabu ya (2n − h)/2, ambapo h ni idadi ya haidrojeni zilizopo, haihesabu viungo maradufu. Inahesabu jozi za haidrojeni zilizokosekana. Jozi hiyo nayo inataka jina lake, na Kiswahili kina neno pengo. Pengo ni jozi iliyokosekana. Kiungo maradufu ni njia mojawapo ya kuliziba pengo, na pete ni njia nyingine. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa maneno mawili haya atasema kwamba C₁₈H₃₂O₂ ina mapengo mawili, na atanyamaza kuhusu yalivyozibwa mpaka apewe habari zaidi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa neno moja atasema zaidi ya anachojua.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyohiyo. Vitabu vya kemia vina kanuni ya jumla kwa michanganyiko yote ya kaboni, haidrojeni na oksijeni, isemayo kwamba mapengo ni (2n + 2 − h)/2. Mwanafunzi akiitumia kwa asidi steariki, C₁₈H₃₆O₂, atapata 1, na atashangaa kuambiwa kwamba asidi hiyo imeshiba. Pengo hilo moja ni la kweli: ndilo lile la kaboni ya mwisho iliyoishika oksijeni kwa mikono miwili. Lakini anayezungumzia shibe ya asidi za mafuta huuangalia mnyororo wa kaboni, wala haiulizi ile kaboni ya mwisho. Kwa hiyo mawanda ya neno ni mawili, na ni wajibu wa mwalimu kuyataja. Mafuta kamili, ambayo kila molekuli yake imebeba asidi tatu, yanaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Molekuli yenye asidi oleiki tatu ni C₅₇H₁₀₄O₆. Kanuni ya jumla inatoa (116 − 104)/2, yaani 6. Matatu ni ya oksijeni, na matatu yaliyobaki ndiyo ya minyororo, moja kwa kila asidi. Idadi ya oksijeni yenyewe haibadilishi hesabu ya haidrojeni. Asidi risinoleiki ya mafuta ya nyonyo ni C₁₈H₃₄O₃. Ina oksijeni moja zaidi ya asidi oleiki, lakini pengo lake ni lilelile moja, kwa sababu oksijeni yenye mikono miwili hujipenyeza kati ya kaboni na haidrojeni bila kumfukuza mtu.

Kutokana na hayo, yafaa kurejea kwenye orodha ambako mjadala ulianzia. Nchini Tanzania, Tume ya Rais ya Elimu iliyotoa ripoti yake mwaka 1982 ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kuwa lugha ya kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na miongoni mwa sababu zilizorudiwa sana katika mijadala iliyofuata ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungua tena mlango kwa kuruhusu Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, na sababu ileile ya istilahi ikasikika tena. Waliojibu kwa kuonyesha wingi wa maneno walijibu nusu ya swali. Asidi za mafuta zinaonyesha kwamba dhana moja yaweza kuwa na maneno matatu, yote yakapata nafasi katika kamusi, na bado moja tu likaweza kufanya hesabu. Na hilo moja lenyewe likahitaji jirani, pengo, ili lisiseme uongo.

Kwa hiyo kila istilahi ya sayansi, kabla haijaingizwa katika safu ya pili, ingepewa kwanza tatizo moja la fani yake, litatuliwe kwa maandishi ya Kiswahili kitupu mbele ya mtu asiyelijua jibu. Kwa istilahi iliyojadiliwa hapa tatizo laweza kuwa fupi: asidi yenye fomula C₂₀H₃₂O₂ imepungukiwa na nini ili ishibe, na ni jambo gani kuhusu umbo lake ambalo fomula haiwezi kulisema? Msomaji aliyefika hapa atajibu kwamba imepungukiwa na haidrojeni 8, yaani mapengo manne, na kwamba fomula haisemi kama mapengo hayo yamezibwa kwa viungo maradufu au kwa pete, wala kama mnyororo umepinda au umenyooka. Kazi ya namna hiyo haihitaji kamati kubwa. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kemia wakikaa meza moja alasiri moja wanaweza kuimaliza, na yule mgonjwa wa moyo ataambiwa wazi kwamba anachotakiwa kukipunguza kwanza ni samli.